YAH: Malalamiko kuhusu baba yangu kuachwa barabarani na mwongozaji wenu katika safari ya kutazama ndege, msitu wa Kibale, Uganda

Kwa Mkurugenzi,

Salamu. Ninakuandikia kwa heshima, na nitajitahidi kuishika heshima hiyo hadi mwisho wa barua hii. Ninadai turejeshewe fedha zote tulizolipa, mimi na baba yangu, kwa safari yenu ya kutazama ndege, na nadai barua ya kumwomba radhi mzee iliyotiwa saini nawe mwenyewe. Taratibu za kampuni yenu mnazijua kuliko mimi, kwa hiyo sitazirudia hapa.

Usiku tulipofika lojini, mwongozaji wenu mwenyewe ndiye aliyetueleza kuwa ndege aitwaye pita kifua-kijani huonekana vizuri wakati wa mapambazuko, anapolia na kurukaruka juu ya tawi, na kwamba kukishakucha hunyamaza akashuka kuchakura majani makavu, ambako mtu anaweza kupita karibu naye asimwone. Tukaamka gizani. Gari liliposimama kando ya barabara na askari wa hifadhi akawasha tochi, mwongozaji aliwapanga nyuma yake wageni waliotoka Ulaya, kisha akamgeukia baba yangu, ambaye alikuwa amekwisha kuvaa buti za mpira na kuning'iniza darubini shingoni, akamwambia: "Mzee, wewe na mwanao bakini na dereva. Ninyi ni wenyeji, ndege huyu mtamwona siku nyingine." Wakaingia msituni, sisi tukabaki barabarani.

Baba yangu ni mwalimu mstaafu wa sayansi. Alipokuwa akifundisha Masindi aliwapeleka wanafunzi wake msitu wa Budongo kwa miguu ili wajifunze kutofautisha hondohondo kwa milio yao, na tangu miaka hiyo ana daftari lenye jalada gumu ambamo ameandika kila ndege aliyemwona kwa macho yake, pamoja na mahali na tarehe. Korongo nyangumi wa kinamasi cha Mabamba yumo. Pita hayumo, na nafasi yake ameiacha wazi. Hiyo ndiyo sababu niliichagua safari yenu, na nilimweleza hivyo karani wenu wakati wa kulipa, naye akaniandikia kwenye risiti maneno "pita, alfajiri, Kibale".

Nilipompigia simu meneja wa loji, alinijibu kuwa kundi lilikuwa kubwa mno na kwamba kanuni za hifadhi haziruhusu zaidi ya watu sita. Tafadhali msinichukulie kama mtu asiyejua anachokisema. Kanuni ya watu sita kwa kundi, pale Kibale, ninaijua kuwa ni ya kufuatilia sokwe. Na hata kama idadi ilikuwa tatizo, mliijua idadi hiyo mlipopokea fedha zetu. Meneja akaongeza kuwa wananchi wa Afrika Mashariki hulipa kiingilio kidogo kuliko wageni. Ni kweli, lakini nafuu hiyo hutolewa na Mamlaka ya Wanyamapori kwa ajili ya lango la hifadhi. Chumba, chakula, gari na huyo mwongozaji tulivilipia bei ileile waliyolipa wenzetu, na sikuona mahali popote katika karatasi zenu palipoandikwa kuwa mwenyeji hulipa sawa na mgeni ili abaki na dereva.

Siku iliyofuata mlitupeleka Semuliki. Msitu ule ni mwendelezo wa msitu wa Ituri wa Kongo, una ndege wasiopatikana kwingine Afrika Mashariki, na mtazamaji ndege yeyote huenda kule kwa ajili yao. Tulionyeshwa chemchemi za maji moto za Sempaya, tukapigwa picha na mvuke, tukarudishwa garini kwa sababu mwongozaji alisema barabara ya kurudi Fort Portal ni mbaya. Kwa haki niseme pia kwamba mchana wa Kibale, katika kinamasi cha Bigodi, kijana wa pale kijijini alitutembeza taratibu, akamshika baba mkono kwenye njia ya mbao, akatuonyesha ndege aitwaye turako mkubwa wa buluu akila matunda juu ya mtini. Kijana huyo hakutuuliza tumetoka wapi. Lakini huyo si mwajiriwa wenu.

Narudi kwenye ile alfajiri kwa sababu sijamaliza kuieleza, na kwa sababu meneja wenu aliita jambo lile "kutoelewana kidogo". Tukiwa pale barabarani tulimsikia pita. Alikuwa karibu, analia mlio mfupi unaokatika ghafla, ananyamaza, analia tena. Baba alivua kofia, akageuza sikio upande wa msitu, akasogea hadi ukingoni mwa barabara na kusimama hapo huku umande ukimdondokea kichwani. Alimuuliza dereva, kwa upole kabisa, kama angeweza kuingia hatua chache tu. Dereva akainamisha macho akasema ameagizwa asituruhusu. Kisha tukaanza kusikia mlio huohuo ukitoka kwenye simu ya mwongozaji, ameurekodi na anaucheza kwa sauti kubwa, mara nyingi mfululizo, hadi ndege wa kweli akanyamaza. Wageni walipotoka, mama mmoja alimwonea baba huruma akamwonyesha picha katika kamera yake. Mwongozaji wenu akacheka, akampiga mzee begani mbele ya watu wote na kusema: "Umeshamwona sasa, mzee. Twende tukanywe chai."

Baba yangu hakujibu. Tangu siku hiyo hajalifungua lile daftari mbele yangu.

Kwa hiyo, Mkurugenzi, kurejeshewa fedha peke yake hakutoshi tena. Nataka fedha zote, za Semuliki zikiwemo. Nataka baba yangu apelekwe tena Kibale kwa gharama zenu, akiwa na mwongozaji mwingine na askari wa hifadhi, aingie msituni kabla hakujapambazuka. Nataka mwongozaji yule asiwaongoze wageni hadi mtakapokuwa mmemchukulia hatua, na hatua hiyo nielezwe kwa maandishi, pamoja na hili la kuwasumbua ndege kwa simu.

Nawapa siku 14 tangu mtakapopokea barua hii. Zikipita bila jibu, nakala yake itafika Bodi ya Utalii ya Uganda na Mamlaka ya Wanyamapori, nami nitafungua shauri kwa utaratibu wa madai madogo, ambao hupokea madai yasiyozidi shilingi milioni 10 na hauhitaji wakili. Risiti yenye mwandiko wa karani wenu ninayo. Namba ya simu ya yule mama mwenye kamera ninayo pia, na amekubali kueleza alichokiona na kukisikia.

Barua ya kuomba radhi iandikwe kwa jina la baba yangu, si langu.

Wako,
Mteja wenu, Kampala