Wembe ule nimeuona, mwanangu

Mwanangu mpenzi,

Nakuandikia ingawa chumba chako na changu vimetenganishwa na ukuta mmoja tu. Juzi nilipojaribu kukusemesha uliinamisha kichwa ukasema, "Mama, niache," nikaona jinsi aibu ilivyokukaba. Karatasi haina macho. Isome ukiwa peke yako, kisha uichane ukipenda.

Wembe niliukuta bafuni nyuma ya sabuni, na kidonda kwenye muundi wako nimekiona. Sijakasirika. Kilichoniuma ni kwamba ulijikata ukinyoa miguu ukanyamaza, na kwamba kwa majuma kadhaa sasa unavaa nguo ndefu hata jua likiwaka, na kuogelea umeacha, wewe uliyekuwa hutoki majini mpaka uitwe mara tatu. Kama kuna aliyekuambia neno kuhusu nywele za miguu yako, siku ukitaka kunisimulia nitasikiliza, wala sitakwenda kugombana na mtu bila wewe kuniruhusu.

Tangu ulipozaliwa una malaika, yaani vinyweleo, mwili mzima, laini kiasi kwamba hakuna anayeyaona. Mtu akibaleghe, homoni ziitwazo androjeni, ambazo wasichana nao wanazo, hugeuza baadhi ya malaika hayo yakawa nywele nene na nyeusi: kwapani, sehemu za siri, miguuni, pengine hata juu ya mdomo. Wengine huota nyingi na wengine chache, na jambo hili aghalabu hurithiwa. Zako umezitoa kwangu, nami nilizitoa kwa bibi yako. Si uchafu hata kidogo. Mwenye nywele kwapani akioga vizuri ni safi sawa na asiyekuwa nazo.

Kwa hiyo njia ya kwanza ni kuziacha zilivyo, na ninaitaja kwa dhati. Ukiichagua, hakuna atakayekuhoji katika nyumba hii. Ukiona bado unataka kuziondoa, nitakuwa upande wako vilevile, ila nakuomba uchague njia ambayo unaweza kuiacha siku yoyote. Mwili wako haujamaliza kukua, na hili linalokunyima usingizi leo huenda mwakani usilikumbuke.

Ningekuwa wewe ningeanza na mashine ndogo ya kunyolea ya umeme. Haikwangui ngozi, inapunguza nywele tu zikabaki fupi mno, na si rahisi kujikata nayo. Ukitaka miguu laini kabisa, basi ni wembe, lakini si kama ulivyofanya, kwenye ngozi kavu na kwa haraka kabla mlango haujagongwa. Oga kwanza kwa maji ya uvuguvugu dakika kadhaa ili nywele zilainike. Paka povu au jeli ya kunyolea. Upeleke wembe kuelekea upande nywele zinakolala, mkono mwepesi, na uusuuze kila baada ya mkwaruzo mmoja au miwili. Kwenye goti na kifundo cha mguu nenda polepole zaidi, maana hapo mfupa uko karibu na ndipo wengi hujikata. Ukimaliza, jikaushe kwa kujipapasa na taulo, usisugue, kisha upake losheni isiyo na manukato. Wembe ukianza kuvuta nywele badala ya kuzikata, utupe. Na usiazime wembe wa mtu yeyote, hata rafiki wa chanda na pete, hata mimi. Damu usiyoiona inaweza kubaki pale, na homa ya ini aina ya B na VVU huambukizwa kwa damu.

Utaambiwa kwamba ukinyoa mara moja zitarudi nene na nyingi zaidi. Nami niliambiwa, na hofu hiyo ilinisumbua miaka. Watafiti walilipima jambo hili tangu mwaka 1928 wakakuta si kweli. Nywele isiyowahi kunyolewa ina ncha iliyochongoka. Ukiikata inabaki na ncha butu, ndiyo maana ikichipua inachoma kidole. Mzizi uko chini ya ngozi, na wembe haufiki huko.

Sasa nikwambie ambalo sijawahi kumwambia mtu. Nilipokuwa na umri wako nilipaka krimu ya kuondoa nywele, nikaiacha muda mara mbili ya ule ulioandikwa, nikidhani itafanya kazi vizuri zaidi. Krimu ile inayeyusha protini ya nywele, na ngozi nayo ina protini ya jinsi hiyohiyo. Iliniunguza miguu yote miwili. Nililala siku tatu nikisema kichwa kinaniuma, kwa sababu nilimwogopa mama kuliko nilivyoogopa maumivu. Wewe sitaki uogope hivyo. Ukiitaka krimu, jaribu kwanza sehemu ndogo, usubiri siku nzima uone kama ngozi itawasha, na muda wake uuhesabu kwa saa.

Nta na sukari iliyopikwa kwa limau hung'oa nywele na mzizi wake, kwa hiyo ngozi hukaa laini majuma matatu hivi au zaidi. Inauma, sitakuficha. Tena kama nywele zako hujipinda, baadhi zinaweza kugeuka zikaotea ndani ya ngozi na kuleta vipele. Wembe nao unaweza kuleta hayo. Ukiona vipele, acha kunyoa mpaka vipone, wala usivitumbue. Kama unatumia dawa ya chunusi yenye retinoidi, yaani kemikali ya jamii ya vitamini A, nta usiiguse, itaondoka na ngozi.

Leza, ile mashine ya mwanga ya kuondoa nywele, iache kwanza. Mwanga wake huifuata rangi nyeusi iliyo kwenye nywele, na ngozi nyeusi ina rangi hiyohiyo, kwa hiyo mashine isiyofaa au mkono usiojua huunguza na kuacha madoa. Zipo leza zinazofaa ngozi nyeusi, lakini huhitaji kurudi mara nyingi, na maadamu homoni zako bado zinabadilika, nywele nyingine zinaweza kuchipua baadaye. Ukiwa mtu mzima utaamua mwenyewe.

Sehemu za siri huna haja ya kuzinyoa. Nywele za pale hukinga ngozi isisuguliwe. Ukiona zinakukera, zipunguze kwa mkasi mdogo, na krimu hizi usizipeleke huko.

Jambo moja tu nataka unieleze mapema. Ukiona nywele nene zinaota ghafla kidevuni, kifuani au tumboni, na hedhi inaruka miezi, tutakwenda kwa daktari pamoja. Huenda homoni zimeyumba, na hilo lina matibabu.

Wembe ule wa zamani nimeutupa. Kwenye droo yako ya chini nimeweka mashine ndogo, wembe mpya na jeli. Hulazimiki kuvigusa. Jumamosi asubuhi nitakuwa nyumbani, na ukitaka nikae nje ya mlango wa bafu unapojaribu mara ya kwanza, nigongee ukuta.

Mama yako