Barua kwa mtoto wa mjomba anayesema tulibebwa

Mtoto wa mjomba, salamu.

Nakuandikia hapa mbele za watu kwa sababu ujumbe wa simu unausoma nusu halafu unajibu kwa kidole gumba. Juzi nilipokwambia nimerudi kutoka matembezi ya siku tano kando ya bahari, na kwamba mizigo ilitutangulia kwa gari kila asubuhi, ulicheka kwanza ndipo ukasema, "Kwa hiyo mlibebwa." Ukaongeza kwamba kiongozi mbele na gari pembeni si matembezi hayo, ni msafara wa harusi. Nikacheka na mimi, utani ni haki yako. Lakini usiku nilikumbuka kwamba wewe mwenyewe hujaenda umbali wa maana tangu goti lile lianze, mwaka wa tatu sasa, na shanta yako ya kilo 18 imening'inia nyuma ya mlango kama picha ya marehemu. Kwa hiyo sikuandikii kujitetea. Nakuja kukuchukua.

Sitasema tulitembea wapi. Nikisema utaanza kubishana na mahali, na mimi nataka ubishane na mimi.

Kwanza, kilichobebwa ni begi. Miguu hakuna aliyetubebea. Najua ukisikia pwani unawaza tambarare, mtu anapunga upepo na kanda mbili mkononi. Ile njia ya South West Coast Path huko Uingereza ina kilomita 1,014, na ukijumlisha vilima vyake vyote umepanda zaidi ya mita 35,000, karibu Everest nne. Chanzo chake ni walinzi wa pwani waliokuwa wakiwasaka watu wa magendo. Mlinzi ilimbidi achungulie kila hori, yaani kila kighuba bahari inapoingia nchi kavu, basi njia ikakosa ruhusa ya kukata kona: inashuka mpaka kijito kinapoingia baharini, inaparamia rasi, inashuka tena. Tulikokwenda sisi kulikuwa na tabia hiyohiyo. Siku ya pili nilihesabu miteremko saba, nikaacha kuhesabu kwa ajili ya amani ya moyo.

Na wewe unajua mteremko unavyolifanya goti. Kila ukishuka, goti linapokea uzito wa mwili mzima mara kadhaa, na kilo za mgongoni nazo zinazidishwa vivyo hivyo. Mimi mgongoni nilikuwa na kilo tano hivi: maji, koti, kitafunio, soksi za akiba. Miaka yote tumehangaika na buti gani, fimbo gani, bandeji gani ya goti, na hakuna aliyewahi kukwambia utue mzigo. Labda walijua utanuna.

Mchanga nao una hesabu yake. Kutembea kwenye mchanga mkavu, ule unaomeza kisigino, kunakula nguvu zaidi ya mara mbili ya ardhi ngumu. Ndiyo maana kiongozi wetu alitupeleka kwenye ule ukanda ulioachwa na maji muda si mrefu, mchanga uliolowa na kushikana, ambapo unyayo unabaki juu juu tu. Ufuo wenyewe umelala kwa mshazari, kwa hiyo mguu wa upande wa bahari unashuka zaidi ya mwenzake siku nzima, na jioni nyonga moja inalalamika na nyingine haina habari. Aliyetufundisha kupanda kidogo kwenye njia ya juu kila baada ya muda, ili kuipumzisha nyonga hiyo, alikuwa mama mmoja mwenye miaka zaidi ya sitini tuliyekuwa naye kundini. Hakuwa kiongozi. Alikuwa ameteseka tu kabla yetu.

Ila nilichotaka hasa kukueleza ni habari ya maji.

Wewe umezoea milima, na mlimani saa ni yako. Ukichelewa umechelewa, unawasha tochi. Pwani saa si yako hata kidogo. Kati ya maji kujaa na kujaa tena ni saa 12 na dakika 25 hivi, kwa hiyo kila siku mambo yote yanasogea mbele kwa karibu dakika 50. Jana ulivuka saa nne asubuhi, leo ukija saa nne unakuta bado maji ya kiuno. Na mwezi ukiandama au ukiwa mpevu linakuja bamvua: maji yanajaa kupita kawaida na kupwa kupita kawaida, kwa hiyo ufuo uliopita jana kwa raha unaweza kukufungia chini ya genge la mwamba leo, mbele maji, nyuma maji. Wakati wa maji mafu, tofauti ni ndogo. Haya tumeyasikia tangu utotoni kama misamiati. Kule ndiko nilikoelewa kwamba ni ratiba.

Kiongozi wetu alikuwa na kidaftari, saa za maji kaziandika kwa penseli, kila siku mstari wake. Siku ya tatu tulifika kwenye mlango wa mto mapema mno. Tulikuwa watu tisa, buti zimefungwa kamba kwa kamba zikining'inia shingoni, suruali zimekunjwa, kila mtu tayari. Akachomeka kijiti pale pale ukingo wa maji ulipokuwa, akakaa chini. Tukakaa. Baada ya muda maji yakawa yamekiacha kijiti kwa upana wa vidole viwili. Mmoja wetu akasimama. "Bado," kiongozi akasema bila kugeuka. Ikafika shibiri. "Bado." Hakuna aliyekuwa na simu mkononi, nadhani kwa sababu mikono ilikuwa imelowa, nisiwasifu bure. Tulikuwa watu wazima tisa tunakodolea kijiti. Kilipobaki peke yake kwenye mchanga, hatua nzima kutoka majini, akainuka, akakichomoa, akaingia wa kwanza.

Akatuambia tusinyanyue miguu, tuiburute, ili unyayo ugundue shimo kabla uzito haujafika. Chini mchanga ulikuwa na mikunjo kama bati. Maji yalifika gotini, katikati yakapanda hadi pajani, na mkondo ulikuwa ukisukuma kwa upole wenye kiburi, kama mtu anayejua atashinda akitaka. Nikawaza shanta yako. Kilo 18 juu ya mabega katika mkondo ule, na mikanda imefungwa kifuani.

Kuna njia ambazo mambo haya ni sheria kabisa. Abel Tasman kule New Zealand, kilomita 60, ina mahali panaitwa Awaroa ambapo unavuka kuanzia saa moja na nusu kabla ya maji kupwa kabisa mpaka saa mbili baada ya hapo, na hakuna njia ya kuzunguka. Ukikosa nafasi hiyo unangoja nyingine. Hukohuko boti zinakupelekea begi mbele, na hakuna anayemwita mwenzake mvivu. Otter Trail ya Afrika Kusini, kilomita 45 kwa siku tano, kila mtu anajibebea, na siku ya nne kuna mto Bloukrans ambao watu huvuka wakiogelea na mizigo yao imefungwa ndani ya mifuko isiyopitisha maji. Najua umesoma hiyo ya pili mara mbili. Iache.

Sasa nikupe na mabaya, usije ukasema nimelipwa.

Siku ya kwanza niliacha koti la mvua kwenye begi kubwa. Mabegi yaliondoka saa mbili asubuhi, mvua ikaanza saa nne. Kiongozi akatoa mfuko mkubwa mweusi wa taka, akautoboa matundu matatu kwa kisu, akanivisha mbele ya wote. Nilitembea saa tatu nikiwa takataka. Picha zipo na hutaziona. Basi shika hili: begi likishaondoka halipo. Dawa zako, koti, miwani, chochote utakachokihitaji kabla ya jioni, kiwe mgongoni, hata jua likiwa linacheka.

Jioni moja gari lilikwama njiani na mabegi yakachelewa saa mbili nzima. Tulikaa na nguo za chumvi tukinuka kama nyavu, hakuna sabuni, hakuna kubadili. Kuna mwenzetu ambaye kila tulichokiona alikuwa ameshakiona kikubwa zaidi mahali pengine, na mwendo wa kundi ni mmoja, kwa hiyo humkimbii. Na kuna hili, ambalo ndilo litakuuma wewe zaidi. Siku hiyohiyo ya mto, baada ya kuvuka, tulishuka kwenye hori dogo lenye kivuli, maji yametulia kama yamesahauliwa, na sikutaka kuondoka. Ningekuwa na hema mgongoni ningelala pale. Begi langu lilikuwa kilomita tisa mbele, na kiongozi alikuwa ameshaangalia kidaftari. Nikavaa buti. Mpaka leo nalikumbuka hori lile kuliko mahali nilipolala.

Lakini nilikuwa nimeliona. Safari zote tulizofanya mimi na wewe, ukiniuliza mandhari nitakuelezea visigino vyako. Mzigo mzito unakuinamisha shingo, unaangalia chini, unahesabu. Safari hii kichwa kilikuwa juu. Kwenye miamba maji yalipopwa, kiongozi aliinua jiwe moja kwa vidole, chini yake kulikuwa na kaa mdogo asiyezidi ukucha, ndani ya kombe la kuazima, amejikunja na gando moja limeziba mlango. Tukainama wote. Kisha akalirudisha jiwe taratibu, upande uleule chini, kwa sababu viumbe wa upande wa chini wakiachwa juani wanakufa. Alifanya hivyo kwa kila jiwe, hata yale ambayo hayakuwa na kitu. Ningekuwa na kilo 18 nisingeinama, binamu. Ningengoja wamalize.

Miamba yenyewe iogope. Ile myeusi yenye ukijani inateleza kuliko sabuni; kanyaga iliyo mikavu na yenye chaza wadogo walioganda, inashika buti vizuri ila ukianguka inachuna. Na usiipe bahari mgongo ukiwa karibu na ukingo. Ukihisi punje moja ya mchanga ndani ya soksi, simama hapohapo uikung'ute, hata kundi zima likikungoja. Mimi niliona aibu kuwasimamisha, nikavumilia kilomita mbili, na lengelenge lililotoka lilikaa nami mpaka siku ya mwisho.

Kundi lingine linaundwa na nimeweka majina mawili, langu na lako, bila kukuuliza. Nimechagua siku za maji mafu ili tusianze na vituko. Una wiki saba. Anza kushuka ngazi taratibu kila siku, siyo kupanda tu, kushuka ndiko kutakokuumbua. Buti uzivae hata ukiwa nyumbani. Begi la kupakiwa garini liwe laini, lisiwe na magurudumu, na usilijaze mpaka dereva akutafute kwa jina.

Ile shanta kubwa iache nyuma ya mlango. Nitapita asubuhi ya safari kuikagua mwenyewe, na nikikuta imeshuka msumarini, nitamwambia shangazi.