Betri ya gari la umeme ipimwe kabla mtu hajalipa

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo gazetini kwako niongelee haya magari ya umeme, manake kila nikikaa na watu nasikia mambo mawili tu, huyu anasema hayana gharama kabisa unachaji kama simu basi, yule anasema likiharibika ndo umetupa hela, hakuna fundi hakuna spea. Mimi ni fundi umeme wa magari hapa Dar na wote wawili wananichekesha.

Tuchukue Nissan Leaf mtumba kutoka Japani. Servisi yake ni ndogo kweli, hilo sibishi. Hakuna oili ya injini, hakuna plagi, hakuna mkanda wa taimingi, eksozi haipo. Pedi za breki zinakaa sana kwa sababu ukiachia mguu mota yenyewe inashika gari na kurudisha umeme kwenye betri. Unabaki na filta ya AC, fluidi ya breki, kulanti ya inveta (kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uendeshe mota), shoki na bushi ambazo barabara zetu zinazimaliza kwenye gari lolote, halafu tairi. Hapo kwenye tairi usijidanganye, gari lina tani moja na nusu hivi na mota inavuta kwa nguvu toka unapogusa pedeli, kama unapenda kukanyaga taa zikiwaka kijani tairi za mbele zitakuonyesha.

Hela kubwa imelala kwenye betri, na hapo ndo watu wanalizwa.

Kwenye dashibodi kuna vistari 12 upande wa kulia vinavyoonyesha betri imebaki na uwezo gani. Nasema uwezo, sisemi chaji. Muuzaji akikuonyesha chaji imejaa bado hajakuonyesha kitu. Kistari cha kwanza kikipotea tayari betri imepoteza kama asilimia 15, na vinavyofuata kila kimoja kinaondoka na 6 hivi. Sasa zile Leaf za mwanzo za kilowati-saa 24, yaani kiasi cha umeme betri inachobeba ikiwa mpya, kwa vipimo vya Marekani vya 2011, zikiwa mpya kabisa zilikuwa zinakwenda kilomita 117 tu, kwa hiyo ukiuziwa yenye vistari 8 ujue Posta hadi Kibaha na kurudi ni safari ya kumuomba Mungu. Na kuna wajanja wanafuta kumbukumbu ya kompyuta ya betri, siku unakwenda kuangalia gari vistari vipo vyote 12, ukishalipa na kuendesha kwa muda vinaanza kushuka kimoja kimoja mpaka unafika kwenye ukweli.

Joto nalo lipo. Betri za hizi Leaf za mtumba hazina mfumo wa maji wa kuzipoza. Mwaka 2012 wenye Leaf kule Phoenix, Arizona, walilalamika sana vistari vinapotea mapema, mpaka Nissan ikaongeza dhamana ya uwezo wa betri. Sisi tunaonunua gari la mnada dhamana ya aina hiyo tunaidai wapi?

Lakini wanaosema likifa limekufa nao wanakosea. Kuna mteja alileta gari likivutwa, gereji moja ilishamwambia betri imekufa atafute mamilioni, na maandishi kwenye dashibodi ni Kijapani hakuna aliyeyaelewa. Kufungua boneti, kilichokufa ni betri ndogo ya volti 12, kama ya gari lolote dogo! Nikaweka nyingine gari likawaka. Na hata ile kubwa siyo pande moja, ya kilowati-saa 24 ina moduli 48 ndani, yaani vipande vya betri vilivyounganishwa, saa nyingine zinazosumbua ni mbili tatu tu, zinatolewa zinawekwa zinazolingana na wenzake, safari inaendelea. Ila hiyo siyo kazi ya kila fundi. Mle ndani kuna volti kama 360, zile waya za rangi ya chungwa hazitaki utani, ukishachomoa plagi ya kukata umeme unatakiwa usubiri kwanza, tena uwe na glavu za umeme mkubwa, halafu unamkuta mtu anaingia na bisibisi na malapa. VETA, wale wa mafunzo ya ufundi stadi, wangefungua kozi fupi ya hili jambo kwa mafundi ambao tayari tupo gereji, mimi ningekuwa wa kwanza kulipa ada.

Kwa TBS, Shirika la Viwango, ombi langu ni moja. Wao ndo wanasimamia ukaguzi wa magari yaliyotumika yanayoingia nchini, basi kwa gari la umeme asilimia ya afya ya betri iandikwe wazi kwenye cheti na mnunuzi akione kabla hajatoa hela, siyo baada. Hicho kipimo hakichukui hata nusu saa.

Wakati tunasubiri, ukienda yadi kaa na fundi mwenye kile kifaa kidogo kinachochomekwa chini ya usukani na programu ya LeafSpy kwenye simu, asome afya ya betri na aangalie kama moduli zinalingana, kisha mliendeshe mbali kidogo msome tena. Muuzaji akikataa kifaa kisichomekwe, ondokeni.

Fundi umeme wa magari,
Ilala, Dar es Salaam