Majarida ya muziki ya Uingereza hayakuuawa na intaneti peke yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niijibu makala uliyoichapisha wiki mbili zilizopita, iliyodai kwamba majarida ya muziki ya Uingereza yaliuawa na intaneti. Mwandishi hakukosea kabisa, ila aliianza hadithi mwishoni. Jarida la Sounds, ambalo ndilo lililozaa Kerrang!, jarida la muziki wa roki, mwaka 1981, lilifungwa mwaka 1991, wakati ambapo intaneti ilikuwa haijaingia majumbani mwa watu.

Melody Maker lilipoanza London mwaka 1926 halikuwa la mashabiki. Liliandikiwa wapigaji wa bendi za dansi, watu waliotafuta riziki kwa tarumbeta na saksafoni, na hata baadaye lilipopata wasomaji wa kila aina liliendelea kuchapa matangazo madogo madogo ambamo bendi ilitafuta mpigaji na mpigaji akatafuta bendi. Mpiga ngoma Phil Collins aliingia kundi la roki la Genesis mwaka 1970 kwa kujibu tangazo la namna hiyo. New Musical Express nalo, mwaka lilipoanza, 1952, lilichapa chati ya kwanza ya mauzo ya santuri nchini humo, iliyopatikana kwa kupigia simu maduka yapatayo 20 na kuuliza ni zipi zilizonunuliwa zaidi. Njia yenyewe ilikuwa ya kubahatisha kidogo, lakini ilimpa msomaji kitu asichoweza kukipata kwingine.

Mwaka 1964, enzi za Beatles, New Musical Express liliuza zaidi ya nakala 300,000 kwa wiki. Septemba 2015 lilianza kugawiwa bure, likafikia tena zaidi ya nakala 300,000, na bado toleo la karatasi la kila wiki likasimama Machi 2018, wenyewe wakilalamikia gharama za uchapaji na ugumu wa soko la matangazo. Hesabu ni ileile, wasomaji si walewale: mmoja alitoa fedha yake mfukoni akaenda kulitafuta, mwingine aliwekewa mkononi akikimbilia treni. Hapo ndipo ninapotofautiana na mwandishi wako, aliyehesabu nakala akadhani amehesabu wasomaji.

Kinyume chake nilikishuhudia mwenyewe. Nilipokuwa shule ya bweni hapa Jinja, miaka ya themanini, ndugu wa mwenzetu mmoja alileta kutoka Nairobi nakala moja ya Smash Hits, jarida lililoanza mwaka 1978 na lililopendwa hasa kwa kuchapa maneno ya nyimbo. Tuliisoma bweni zima, tukanakili maneno katika madaftari (ya hisabati, walimu wetu wanisamehe), hadi jalada likachanika na kurasa za kati zikapotea. Mhasibu wa London aliandika nakala moja. Wasomaji tulipita arobaini.

Mhariri, ombi langu linatokana na hayo. Afrigo Band, bendi yetu ya Uganda, imekuwepo tangu 1975, lakini nikitaka kujua nani alipiga gitaa katika rekodi fulani ya miaka ile, inanibidi nimtafute mzee aliyekuwepo studio, na wazee hao wanapungua. Kurasa zetu za burudani hutuambia mwanamuziki amenunua gari gani na amegombana na nani. Ninaomba nusu ukurasa kila Jumamosi: wimbo mmoja wa Uganda, maneno yake kamili pamoja na tafsiri ya Kiswahili ikiwa umeimbwa Kiganda au Kiacholi, majina ya wapigaji wote, studio na mwaka, na chini yake matangazo ya wapigaji wanaotafuta bendi, hata kama wiki ya kwanza yatakuwa mawili tu.

Madaftari yangu mawili ya nyimbo bado ninayo, na la pili limejaa nyimbo za hapa nyumbani, pamoja na majina ya wapigaji niliyoyaandika nilipokuwa nikihudhuria maonyesho yao. Niko tayari kuyaleta ofisini kwako yanakiliwe.

Wako mwaminifu,
Msomaji wa siku nyingi, Jinja