Namba ya akaunti haifanani kila nchi

Mhariri,

Wengi wanaotuma fedha nje hudhani namba ya akaunti ni namba tu, popote iendako. Sivyo. Nchi za Ulaya hutumia IBAN, yaani namba ya akaunti ya kimataifa: herufi mbili za nchi, tarakimu mbili za ukaguzi, kisha utambulisho wa benki na akaunti. Ya Ujerumani ina jumla ya herufi na tarakimu 22, ya Ufaransa 27. Zile tarakimu mbili za ukaguzi ni kinga kubwa. Namba nzima, alama nne za mwanzo zikishahamishiwa mwisho na herufi zikishageuzwa tarakimu, ikigawanywa kwa 97 lazima ibaki 1; ukikosea tarakimu moja, mfumo huikataa kabla fedha hazijatoka.

Marekani haitumii IBAN. Huko huhitajika namba ya benki yenye tarakimu 9, ambayo ina ukaguzi wake, pamoja na namba ya akaunti, ambayo haina kanuni moja ya ukaguzi kwa benki zote. Ukikosea hiyo ya pili, fedha zaweza kuingia kwa mtu mwingine, au zirudi baada ya siku kadhaa zikiwa zimekatwa ada. Tunawasihi wasomaji waisome mara mbili, tarakimu kwa tarakimu.

Brazil ina mfumo wa malipo uitwao Pix tangu 2020, India ina uitwao UPI tangu 2016: malipo hufika kwa sekunde, usiku na mchana. Lakini yakishafika, kuyarudisha ni kazi ngumu, ilhali malipo ya kadi mara nyingi yaweza kupingwa kupitia benki iliyoitoa kadi hiyo. Kwa muuzaji usiyemjua, lipa kwa kadi.