Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama wa klabu ya filamu,

Shughuli za kawaida mnazifahamu. Tumefanya maonyesho 8 na mijadala 6, ikiwamo ya Ida ya Paweł Pawlikowski (2013) na filamu ya Carl Dreyer kuhusu Jeanne d'Arc (1928), ile ambayo nakala yake ilipatikana Oslo mwaka 1981. Hesabu za fedha anazo mhazini.

Lililozua maneno ni Shoah ya Claude Lanzmann (1985), filamu ya ushahidi kuhusu mauaji ya Wayahudi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Nimelaumiwa kwa kung'ang'ania dakika zote 566, kwa siku mbili, wakati baadhi yenu mlitaka kipande cha saa mbili. Uamuzi ulikuwa wangu na ninausimamia. Lanzmann hakutumia picha za zamani za vita. Alizonazo ni nyuso, sauti na mahali. Ukikata kimya, umekata filamu yenyewe. Kumbukeni pale nje ya kanisa la Chełmno, kijiji cha Poland palipokuwa na kambi ya mauaji. Simon Srebnik, Myahudi aliyenusurika kambi hiyo, amezungukwa na wanakijiji wanaofurahi kumwona. Maandamano ya sikukuu ya Bikira Maria yanapita. Kisha mmoja anajitokeza kueleza kuwa Wayahudi walikufa kama malipo ya damu ya Kristo. Srebnik hasemi neno. Chuki hiyo ya karne nyingi inajitokeza polepole, katikati ya tabasamu, na mwenye haraka haioni ikija.

Kuhusu maandishi ya tafsiri kuchelewa, sababu ni mbili. Ya kwanza ni ya makusudi: Lanzmann aliiacha sauti ya mkalimani, na maandishi hufuata Kifaransa cha mkalimani, si Kipolandi cha msemaji. Ya pili lilikuwa kosa, nami ndiye niliyeligundua: faili la maandishi lilipangwa kwa fremu (picha moja moja za filamu) 24 kwa sekunde, nakala yetu ya filamu ni ya 25, hivyo inakwenda haraka zaidi. Kwenye alama ya saa 1 ya faili, maandishi yamechelewa dakika 2 na sekunde 24. Kulisogeza faili zima hakusaidii, kwani pengo linaendelea kukua. Lazima kila muda uzidishwe kwa 24 na kugawanywa kwa 25. Tulirekebisha wakati wa mapumziko ya kwanza.

Siku ya kwanza mlikuja 41, ya pili 17. Inauma. Wanachama tuko 58, waliolipa ada ni 23, na kadhaa wa waliolalamika hawamo. Haki za kuonyesha filamu hulipiwa kabla ya onyesho, si baada.

Mwakani, Mungu akijalia, tunatarajia projekta bora na filamu zaidi za watengenezaji wanaojitegemea. Kamati italitazama jambo hilo.

Mwenyekiti