Ukifika Pangani, vuka na ng'ambo

Swahiba,

Salamu nyingi. Umeuliza kama siku moja Pangani inatosha. Inatosha, mradi usiimalizie yote Bomani, kwenye lile jengo la kale la utawala. Vita na mashamba ya mji ule ni habari moja, na nusu yake iko ng'ambo ya mto.

Toka Tanga alfajiri. Ni kilomita 50 hivi kuelekea kusini. Njiani, Kigombe, kuna mkonge. Ukitaka kuingia korona, yaani kiwanda cha kukwangua mkonge, nenda siku ya kazi, uombe ruhusa ofisini kwanza. Mle jani hukwanguliwa nyama kwa maji mengi, singa, yaani nyuzi zake, zikaanikwa juani, zikapigwa brashi, zikafungwa marobota ya kilo 250. Kilo 100 za majani hutoa kama kilo 4 tu za singa. Zilizobaki ni makapi, na harufu utaisikia kabla hujaliona jengo. Jani likilala siku mbili tangu kukatwa hukauka, nyama ikagandia singa, ndiyo maana korona haijengwi mbali na shamba. Vaa suruali ndefu: ncha ya jani ni mwiba mtupu.

Mjini anza na vita. Agosti 1888 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilimweka Emil von Zelewski atawale mji uliokuwa wa Sultani wa Zanzibar. Kwa ubabe wake mji ulimgeuka, ikabidi askari wa Sultani waje wamtoe. Aliyeongoza vita vilivyofuata, Abushiri bin Salim al-Harthi, alikuwa na shamba lake la miwa papo hapo Pangani. Hermann von Wissmann, kamanda wa Wajerumani, aliuteka mji Julai 1889, na Abushiri akanyongwa hapo tarehe 15 Desemba. Bomani watakusimulia watumwa waliozikwa hai ndani ya nguzo. Sikiliza, ila usiihesabu kuwa historia. Na ni jengo la serikali, kwa hiyo omba ruhusa kabla ya kupiga picha.

Kisha panda pantoni uende Bweni, ng'ambo ya mto, uulizie shamba la Kikogwe. Mwaka 1893 Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika hai ni 62, ikapandwa huko. Kufikia 1964 Tanganyika ilikuwa ikitoa takriban tani 230,000 za mkonge kwa mwaka, kabla kamba za plastiki hazijaiharibu bei. Lakini utajiri huo haukukaa Pangani. Mlango wa mto una fungu la mchanga, meli kubwa haziingii, na mwaka ule ule wa 1893 Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga. Mkonge ukaifuata reli.

Kikogwe kwenyewe usitarajie makumbusho. Ni mahali pa kwenda na mwenyeji anayejua mipaka ya shamba.

Kisiwa cha Maziwe kiwekee siku nyingine, uende maji yakipwa, kwani yakijaa mchanga wote hufunikwa. Na kabla hujavuka kwenda Bweni, uliza pantoni ya mwisho inaondoka saa ngapi.

Wako wa siku zote.